Kitabu au mapambio, ngoma au kinanda: tununue nini kwa ajili ya ibada?

Kamati ya ibada ikikaa kupanga bajeti, maombi yote hufika mezani kwa pamoja. Vijana wanataka kinanda kipya na spika mbili. Kwaya kuu inataka sare na fedha za kurekodi. Wazee wanataka vitabu vya nyimbo, maana vilivyopo vimechanika. Kuna aliyesafiri mjini akaona maneno ya nyimbo yakiwaka ukutani, naye anataka projekta. Mfuko ni mmoja. Nimefundisha kwaya kwa miaka mingi katika usharika wa Kilutheri na nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, kwa hiyo namwandikia yule anayetakiwa kuchagua.

Nina kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine. Jiulizeni: usiku wa msiba, umeme hakuna, kitabu hakuna, mwalimu wa kwaya hayupo, watu wetu wataimba nini? Wimbo uliokaa kinywani ndio unaomsaidia mtu kuomba siku ngumu. Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane, miguu yao imefungwa kwa mkatale (Matendo 16:24-25). Kila kitu nitakachokitaja hapa nakipima kwa hilo: kinawafundisha watu kuimba na kuomba wenyewe, au kinawafanyia kazi hiyo wao wakitazama?

Nyimbo za kitabu na mapambio

Kitabu cha nyimbo, kiwe Tenzi za Rohoni, Nyimbo za Kristo cha Waadventista Wasabato au Mwimbieni Bwana cha Walutheri, kina kitu ambacho pambio halina: mafundisho yenye mpangilio. Beti nne zinaweza kumtoa mwimbaji kwenye toba, zikampitisha msalabani na kumfikisha kwenye tumaini la ufufuo. Mna nyimbo za Krismasi na Pasaka, za ubatizo, za Meza ya Bwana, za maziko. Muumini aliyeimba humo tangu utotoni amejifunza imani yake bila kukaa darasani.

Pambio lina nguvu nyingine. Ni mstari mmoja au miwili, anayeongoza anaita na watu wanaitikia, wala hakuna haja ya kusoma. Mgeni na bibi asiyejua kusoma wote wameshaingia linapozunguka mara ya pili. Linafupishwa au kurefushwa kadiri maombi yanavyokwenda, na ndiyo maana mkesha hauwezi kwenda bila mapambio. Ukijaribu kuongoza mkesha kwa kutaja namba za kitabu, watu watatumia nusu ya usiku wakifunua kurasa.

Udhaifu nao haufanani. Vitabu vyetu vingi vimechapishwa maneno tu, bila nota, kwa hiyo tuni zinapokezwa kwa sikio. Mwalimu mzee akifariki, nyimbo kadhaa huondoka naye, na usharika unabaki kuzunguka kwenye zile chache ambazo kila mtu anazijua. Pambio halina shida hiyo, lakini sikilizeni maneno yake kwa makini. Mengi tunayoimba siku hizi yanasema nitainuliwa, nitabarikiwa, adui yangu ataaibika. Ni machache sana yanayotubu, na karibu hakuna linaloomboleza. Kitabu cha Zaburi kimejaa vilio. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani. Mama aliyefiwa na mtoto akija kanisani akakuta kila wimbo ni wa kushangilia, hana mahali pa kuweka maombi yake. Paulo alisema ataimba kwa roho na kwa akili pia (1 Wakorintho 14:15), na anayechagua mapambio anapaswa kuuliza kama akili nayo imepata chakula.

Kuna jambo la kiufundi ambalo walimu wa kwaya wanalijua na kamati hazilisikii. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, lakini tuni nyingi zilizotoka Ulaya hufunga mstari kwa pigo zito. Imba "Mwamba wenye imara, kwako nitajificha" kwa tuni tuliyoizoea: uzito unaangukia kwenye *ra* ya imara na *cha* ya nitajificha, mahali ambapo hakuna anayeongea Kiswahili angeuweka. Sasa imba "Yesu kwetu ni rafiki". Uzito uko kwenye *Ye*, *kwe* na *fi*, kama mtu anayezungumza. Sisemi tuuache wimbo wa kwanza. Umewafariji wengi na mimi naupenda. Nasema mwalimu anayeanzisha wimbo mpya aangalie hapo kwanza, maana wimbo ambao mapigo yake yanagombana na lugha huchukua muda mrefu zaidi kukaa kinywani.

Uamuzi wangu: ibada ya Jumapili isimame juu ya kitabu, na mapambio yawe ya kuingilia, ya sadaka, ya kufungulia maombi, ya mkesha na ya jumuiya za nyumbani. Kama fedha zinatosha kitu kimoja, nunueni vitabu. Mapambio hayana bei.

Kwa vikundi vya maombi ya utulivu kuna njia ya katikati ambayo wengi hapa kwetu hawajaijaribu. Jumuiya ya Taizé nchini Ufaransa, iliyoanzishwa na Ndugu Roger mwaka 1940, huimba mistari mifupi ya Maandiko ikirudiwa taratibu kwa sauti nne, kisha kimya kirefu. Mwaka 2008 jumuiya hiyo ilifanya kusanyiko la vijana Nairobi. Wimbo wa namna hiyo ni rahisi kama pambio, nao hauna haraka. Unafaa sana kwa Kwaresima na kwa maombi ya watu kumi na wawili sebuleni.

Ngoma na kinanda

Hapa ndipo vikao huwaka moto, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wamisionari wengi waliikataa ngoma kwa sababu waliihusisha na matambiko, na baadhi ya wazee wetu waliurithi msimamo huo kwa moyo safi. Lakini mjadala huo umekwenda mbali tangu wakati wao. Mwaka 1958 Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na kwaya yake ya Wakongo kutoka Kamina, Katanga, walirekodi Misa kwa mitindo ya uimbaji ya Kongo na midundo ya ngoma. Rekodi hiyo, Missa Luba, ilisikika duniani kote wakati Misa yenyewe bado ilikuwa ya Kilatini. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukapitisha hati yake ya liturujia, inayotaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada, na inayoruhusu vyombo vingine zaidi ya kinanda cha mabomba pale vinapofaa kwa matumizi matakatifu. Kwa Walutheri, mwaka 1966 Bernard Kyamanywa wa Tanzania aliandika wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" juu ya tuni ya Kihaya. Leo wimbo huo uko katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116. Wajukuu wa waliotuletea vitabu wanaimba tuni ya Bukoba asubuhi ya Pasaka. Ninapoambiwa kwamba muziki wa kwetu si wa kanisani, huwa nataja namba hiyo.

Basi tuchague kwa kuangalia kazi. Ngoma inashika mwendo. Kinanda kinashika sauti. Kama waumini wenu huvuta wimbo mpaka ubeti wa tatu unakuwa mzito kuliko wa kwanza, mnahitaji ngoma na kayamba. Kama mnaanza juu na kumaliza chini, kila mtu na ufunguo wake, yaani kimo chake cha sauti, mnahitaji kinanda. Nimeona sharika zikinunua kinanda cha bei kubwa kutibu tatizo la mwendo, na tatizo likabaki palepale.

Kwa gharama hakuna ushindani. Ngoma mbili, kubwa ya kushika pigo na ndogo ya kujibu, pamoja na kayamba, hazifikii bei ya kinanda kizuri. Hazitaki umeme, na watoto wa shule ya Jumapili wanaweza kuanza kujifunza leo. Zinachotaka ni matunzo: ngozi hulegea msimu wa mvua, inabidi ianikwe juani au ipashwe motoni kabla ya ibada, na panya wanaipenda. Kinanda kinataka mpigaji aliyefundishwa, na hapo ndipo kamati nyingi hukwama, kwa sababu wamenunua chombo na hawakutenga fedha za mwalimu. Umeme si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Vinanda vingi vidogo hutumia adapta ya volti 12, kwa hiyo fundi anayejua kazi anaweza kuviunganisha na betri ya sola. Asome kwanza volti na mwelekeo wa chanya na hasi nyuma ya kinanda, maana kosa hapo linaunguza chombo.

Mpiga kinanda wa kanisa namwomba mambo mawili. La kwanza, azime biti ya mashine, yaani mdundo ambao kinanda hujipigia chenyewe, wakati waumini wote wanaimba nyimbo za kitabu. Biti haimsubiri mzee anayevuta pumzi mwisho wa mstari. Mpiga ngoma anamwona na anamsubiri. La pili, ashushe ufunguo. Waimbaji waliozoea jukwaa hupandisha nyimbo mpaka wanaume wanyamaze. Noti ya juu kabisa ya wimbo wa waumini wote isipite D ya juu, na kinanda kina kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo kwa kazi hiyohiyo.

Halafu kuna suala la sauti. Kanisa la matofali lenye paa la mabati hurudisha kila mlio, na spika zikifunguliwa kwa nguvu humo, maneno yote yanamezwa. Jirani naye ana haki yake. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, na nyumba za ibada zimetajwa humo. Zaburi ya 150 inataja baragumu, kinubi, matari, zeze, filimbi na matoazi, nami naiimba kwa furaha. Amosi 5:23 nayo imo katika Biblia ileile: "Niondolee kelele za nyimbo zako." Fundi mitambo asimame safu ya mwisho wakati wa wimbo. Kama hamsikii aliye karibu naye akiimba, apunguze.

Matarumbeta ni ya pekee. Wamoraviani, waliofika Rungwe mwaka 1891, wana mapokeo ya kale ya kupiga matarumbeta, na Walutheri wengi wanayo pia. Hakuna chombo kinachofaa kuliko hiki mahali pa wazi: alfajiri ya Pasaka makaburini, au maandamano ya kuzindua jengo. Lakini ni ghali, na inachukua miaka kufundisha kundi. Chagueni hiki pale tu mnapokuwa na mwalimu anayeishi karibu.

Msisahau pia kwamba Waorthodoksi na Makanisa ya Kristo huimba bila chombo chochote, kwa imani na wala si kwa umaskini. Usharika mdogo usio na fedha usijione pungufu. Sauti nne za watu zilizopangwa vizuri ni ibada kamili.

Kwaya na waumini wote

Kwaya ikifanya kazi yake vizuri, waumini wanaimba zaidi. Ikiifanya vibaya, wanaketi na kutazama. Tofauti huonekana haraka: kwaya ya namna ya kwanza inafundisha tuni mpya kwa kuimba ubeti mmoja kisha kuwageukia watu, ya pili inaimba nyimbo zake za albamu, kwaya tano mfululizo, stepu safi na sare mpya, na mahubiri yanaanza watu wamechoka. Nazipenda kwaya na nimezitumikia maisha yangu. Kwa sababu hiyo nashauri Jumapili ya kawaida iwe na wimbo mmoja wa kila kwaya, au kwaya mbili tu kwa zamu, na muda uliobaki upewe waumini.

Kuhusu fleshi, yaani kuimba juu ya muziki uliorekodiwa, msimamo wangu ni mkali kidogo. Inasaidia mwimbaji mmoja asiye na mpigaji. Haiwezi kuongoza ibada. Mchungaji akitaka kuingiza maombi kati ya beti, fleshi haisimami kwa heshima, ufunguo haubadiliki, kiitikio hakirudiwi watu wanapoguswa. Mfalme wa Israeli na wenzake walipokwenda kwa Elisha, nabii aliomba aletewe mpiga kinanda, na alipopiga ndipo mkono wa Bwana ukamjia (2 Wafalme 3:15). Mpigaji huyo alikuwa mtu, mwenye macho ya kumtazama nabii. Kati ya fleshi na kuimba kwa makofi, nachagua makofi.

Projekta na kitabu mkononi

Projekta inainua vichwa. Watu waliokuwa wameinamia kitabu sasa wanatazama mbele, mikono iko huru, na asiye na kitabu haonekani mnyonge. Mwenye macho dhaifu anasoma herufi kubwa. Katika kanisa la mjini lenye wageni wengi kila wiki, faida hizo ni kubwa.

Hasara zake hazionekani siku ya kununua. Saa nne asubuhi jua linaingia madirishani na ukuta unafifia. Mtahitaji mapazia, au skrini kubwa ya televisheni ambayo ni ghali zaidi. Taa ya projekta ina maisha yake. Anayebonyeza lazima aujue wimbo, abadilishe ukurasa kabla mstari wa mwisho haujaisha, maana akichelewa nusu ya sekunde kanisa zima linakwama. Mistari isizidi minne kwa ukurasa, herufi nyeupe juu ya rangi nzito, na bila picha za maporomoko ya maji zinazotembea nyuma ya maneno.

Lakini hasara kubwa iko nyumbani. Kitabu huenda na mtu: kinasomwa kitandani, kinatumika kwenye sala ya familia, kinakwenda kijijini msibani. Maneno ya ukutani hubaki kanisani. Watu wakiacha kushika kitabu kwa miaka michache, hata ubeti wa pili wa nyimbo wanazozipenda unawapotea. Mkinunua projekta, basi endeleeni kutangaza namba ya wimbo, na kila mtoto anayebarikiwa kipaimara apewe kitabu chake.

Igizo, utenzi na video

Kwa upande wa sanaa nyingine nitakuwa mfupi kuliko zinavyostahili. Video iliyotengenezwa vizuri inamweka mtazamaji Galilaya kwa dakika chache. Filamu ya maisha ya Yesu iliyotoka mwaka 1979 imeonyeshwa vijijini kwa shuka na jenereta, na wapo wengi waliomsikia Yesu akizungumza lugha yao kwa mara ya kwanza hapo. Inafaa kwa uinjilisti wa jioni. Ndani ya ibada huwa naiona inakata maombi: taa zinazimwa, watu wanakuwa watazamaji, na kurudi kwenye sala ni kazi.

Igizo la vijana lina makosa mengi na nguvu nyingi zaidi. Njia ya Msalaba yenye vituo 14, ikichezwa na vijana wa parokia Ijumaa Kuu barabarani, inaombwa na wanaocheza na wanaotembea nyuma yao. Kijana aliyebeba msalaba mtaani kwao hasahau.

Na tuna hazina ambayo tumeiacha ikae kabatini. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyeinua ngonjera, alitunga katika miaka ya 1960 utenzi mrefu wa Injili na mwingine wa Zaburi. Utenzi hughaniwa kwa tuni moja, beti za mistari minne, na msikilizaji wa Kiswahili anaufuata bila shida. Mtu mmoja mwenye sauti nzuri anaweza kughani mateso ya Kristo siku ya Ijumaa Kuu bila spika wala gharama. Kati ya kukodi projekta kwa siku hiyo na kumwandaa mghani, mwandaeni mghani.

Redio, simu na sala ya mbali

Mgonjwa aliye kitandani anahudumiwa vizuri zaidi na redio kuliko simu. Redio Maria, redio ya Kikatoliki, husali rozari kila siku na haitaki bando. Mzee anawasha kwa kitufe kimoja. Simu inashinda pale mtu anapotaka wimbo fulani saa fulani, au sauti ya watu wake mwenyewe. Wajumbe wa jumuiya wakimrekodia mgonjwa wimbo na sala wakamtumia kwenye WhatsApp, hilo ni jambo dogo linalogusa sana, na lisipokuwa video halili bando kubwa.

Ibada ya mtandaoni tuliijua vizuri mwaka 2020. Kenya ilifunga nyumba za ibada mwezi Machi, na zilipofunguliwa Julai ziliruhusiwa watu 100 kwa saa moja. Makanisa mengi yalijifunza hapo kwamba mahubiri yanapita mtandaoni bila shida, lakini uimbaji wa pamoja haupiti, kwa sababu sauti huchelewa njiani na kila nyumba inamsikia mwenzake akiwa nyuma. Mnapoomba kwa simu ya kundi, mmoja aongoze wimbo na wengine wote wazime maikrofoni zao waimbe majumbani. Zifunguliwe tena wakati wa maombi, mtu mmoja mmoja. Na kama ibada inarushwa YouTube, msipige rekodi za wasanii kabla ya ibada kuanza. Mfumo wao hutambua muziki wenye hakimiliki na unaweza kunyamazisha sehemu hiyo au kuizuia video nzima, pamoja na mahubiri ambayo aliye mbali alikuwa akiyasubiri. Pigeni ngoma zenu wenyewe.